Laptopu iko Illasit, mwanzo wake uko Tarakea

Wasee, wiki iliyopita nilikesha na laptopu ya wenyewe, na kufika alfajiri nikajikuta nasoma habari za Wizara ya Fedha ya Tanzania mwaka wa 1965. Acha niwaeleze nilifikaje huko. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo kama uko kwa matatu na bando linaisha, ihifadhi usome ukifika nyumbani.

Rafiki yangu mmoja, tumesoma naye hapa Illasit tangu darasa la kwanza, ndiye katibu wa chama cha kina mama. Wanachama kumi na wanane, wengi wao ni wa nyanya na vitunguu. Mamake ndiye mweka hazina. Rekodi zote za miaka mitatu, nani ameweka ngapi, nani amekopa, nani alilipa faini ya kuchelewa, ziko kwa laptopu ya huyu msichana. Laptopu yenyewe ni mtumba kutoka Uingereza, zile tunaita ex-UK, na ilikuwa imezeeka hadi ukiiwasha unaweza kuenda kuteka maji urudi bado inazungusha kile kiduara.

Alipoenda Kitengela akaipeleka kwa fundi. Fundi akamuuzia SSD, akaweka Windows mpya hapo, akanakili faili zake, na ile diski ya zamani akaihamishia mahali kisoma-CD kilikuwa, ibaki kama stoo. Laptopu ikarudi nyumbani ikiwaka kabla hujakaa vizuri. Kwa wiki tatu mambo yalikuwa sawa kabisa.

Halafu binamu yake wa Tarakea, hapo ng'ambo, akaomba ile diski ya zamani. Ana kibanda cha kuwekea watu muvi kwa flashi. Rafiki yangu akaona haina kazi, akaitoa, ikavuka mpaka kwa bodaboda. Jioni akawasha laptopu. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, ujumbe kwamba hakuna kifaa cha kuanzia.

Akampigia fundi. Fundi, bila hata kuiona, akamwambia Windows imeharibika, ifomatiwe ianze upya. Binamu naye alikuwa ameshafomati diski ya zamani na kuijaza muvi. Na Jumamosi chama kilikuwa kinagawana pesa za mwaka, tena kuna mama mmoja ameanza kusema kwa sauti kwamba mweka hazina "amekula". Sasa unaelewa kwa nini aligonga mlango wetu saa tatu usiku na laptopu ndani ya leso.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nasomea sayansi ya kompyuta, mambo ya karo. Hiyo nitaieleza siku nyingine. Lakini kitu kimoja hakuna mtu aliweza kuninyang'anya ni flashi yangu ya Ubuntu. Unaichomeka, kompyuta inawakia hapo hapo kwa flashi bila kugusa chochote kilicho ndani ya diski, unaangalia kama daktari anavyoangalia macho kabla ya kuandika dawa. Nikaiwasha. SSD ikaonekana, nzima. Windows iko. Faili za chama ziko, zote. Rafiki yangu akaketi chini, kwa sakafu.

Kabla ya kitu kingine chochote, nikazinakili kwa flashi nyingine. Flashi hiyo ni ya mwendo wa kobe, na ndiyo maana nilipata nafasi ya kusoma historia.

Lakini kwanza shida yenyewe. Kompyuta ikipata stima haijui Windows ni nini. Kuna programu ndogo iliyo kwenye ubao wake, na kazi yake ni kutafuta programu nyingine ndogo kwenye diski, ambayo ndiyo inaenda kuamsha ile kubwa. Zamani, tangu IBM ilipoanza kuweka diski ngumu kwa PC zake mwaka 1983, hiyo programu ya pili ilikaa kwenye baiti 512 za kwanza za diski, na katika hizo, zilizobaki kwa ajili ya programu yenyewe ni 446 tu. Ni fupi kuliko sentensi chache za hapa. Kompyuta za siku hizi zina kipande kizima cha diski kilichotengwa kwa kazi hiyo, kidogo, kimefichwa, huwezi kukiona ukifungua kompyuta kawaida. Na Windows ina tabia moja: ukiiweka kwa diski mpya, na kuna diski nyingine ndani iliyo na kipande hicho tayari, haisumbuki kutengeneza kingine. Inaandika mwanzo wake pale pale kwa diski ya zamani.

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi hakutoa diski ya zamani alipokuwa anaweka Windows. Wiki tatu laptopu ilikuwa inaanzia diski ya zamani kisha inaruka kwa mpya, na hakuna aliyejua. Mwanzo wake ukapandishwa bodaboda, ukavuka mpaka, ukafutwa kupisha muvi za Kihindi.

Nikampigia binamu kumweleza. Akacheka sana. Akasema, "Nyinyi Wakenya na kompyuta zenu! Sisi huku wazee wetu walipigwa marufuku kabisa." Nikadhani ni mzaha. Si mzaha.

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500. ICT ilikuwa kampuni ya Uingereza, lakini mashine hiyo kwa kweli ilikuwa ya RCA ya Marekani, modeli ya 301. Waingereza waliibandika jina lao wakaiuza. Yaani hata aliyeiuza hakuwa aliyeitengeneza. Mnunuzi alikuwa nchi iliyopata uhuru Desemba 1961, na muungano na Zanzibar ulikuwa na umri wa mwaka mmoja.

Fikiria kidogo kompyuta ya wakati huo. Hakuna duka la flashi. Kazi inaingia kwa kadi au kwa utepe wa karatasi uliotobolewa mashimo, na mwenye kujua ni kadi gani itangulie ndiye mwenye mashine. Akiwa likizo, au mkataba wake ukiisha akarudi kwao, chumba kinabaki na vyuma vinavyovuta stima na kiyoyozi.

Baadaye ikaja ICL 1900. ICL ilizaliwa mwaka 1968 ICT ilipoungana na kitengo cha kompyuta cha English Electric, na aina hiyo ya 1900 haikuelewana na 1500 ya kwanza. Programu za mashine moja haziendi kwa nyingine. Kwa hivyo kazi iliyokuwa imefanyika ilibidi iandikwe upya, na waliokuwa na ujuzi wa kuiandika walikuwa wageni kwa sehemu kubwa. Walijaribu kuhamishia humo hesabu za serikali. Ikashindikana. Pesa zikapotea, serikali ikarudi kwa njia ya zamani.

Mwaka 1974 ikatoka amri: hakuna kuingiza kompyuta nchini, wala televisheni, bila kibali maalum. (Zanzibar wakati huo walikuwa na televisheni yao, ya rangi, tangu mapema miaka ya sabini. Bara walikuja kupata stesheni miaka ya tisini. Nilipomwambia binamu hii akasema alikuwa anaijua, usinifundishe nchi yangu.)

Sasa, mtandaoni hii stori husimuliwa na Wakenya kama kichekesho. Nyerere aliogopa kompyuta, ujamaa ulichukia maendeleo, na sisi huku Nairobi tulikuwa tunasonga. Mimi sikubaliani. Mwaka 1974 Tanzania ilikuwa kwenye ukame, bei ya mafuta ilikuwa imeruka baada ya vita vya Oktoba 1973, dola zilikuwa haba za kununulia hata chakula. Halafu mtu anakuambia lete dola zaidi tununue mashine nyingine ya kusahihisha ile iliyoharibu hesabu zako. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limesema nchi ijitegemee. Ningekuwa waziri hapo ningekasirika pia. Labda ningesaini.

Lakini angalia walichokifanya, kisha ukumbuke fundi wa Kitengela. Walifomati. Shida ilikuwa kwamba mwanzo wa ile mashine, ujuzi wa kuiwasha, kuirekebisha, kuiandikia programu, ulikuwa kwa vichwa vya watu wengine ng'ambo. Kupiga marufuku mashine hakukuleta huo ujuzi Dar es Salaam hata inchi moja. Kulifuta pia kile kidogo kilichokuwa kimeshaingia, wale vijana wachache waliokuwa wameanza kujua kadi gani inatangulia. Hakuna aliyenakili kwanza. Marufuku ilikaa miaka, ikalegea taratibu miaka ya themanini na kuendelea.

Na sisi Kenya tusijipigie makofi. Hatukupiga marufuku, lakini kwa muda mrefu kompyuta hapa zilikuwa mali ya benki, reli, kampuni kubwa na wizara, na waliozifungua matumbo walikuwa wachache hivyo hivyo. Mamangu aliona kompyuta kwa macho akiwa ameshanizaa. Sisi tulinunua tu, na tukaendelea kununua.

Hapa kwetu hata hiyo tofauti ya nchi mbili haikuwa stori ya kompyuta. Tanzania ilifunga mpaka Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Nyanya yangu (yule wa kuzaa babangu, si zile za kreti) bado anasimulia jinsi sabuni na sukari zilivyokuwa zinavuka usiku kwa njia za ng'ombe. Watu wana shangazi upande ule, shamba upande huu. Nilimuuliza kama kompyuta ziliwahi kupita. Akaniuliza ni ya kula?

Kile kilichonifanya niamke kwa kiti ni mwaka 2004.

Miaka thelathini baada ya ile amri, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya sayansi ya kompyuta ilikuwa na mradi unaoitwa Kilinux, wakifanya kazi na Waswidi. Mwishoni mwa 2004 wakatoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandika barua, ya kupiga hesabu, ya maonyesho, yote kwa Kiswahili, bure, na msimbo wake uko wazi yeyote aufungue. Nchi ile ile. Mtu wa kawaida angeweza kufungua jedwali la chama na kila kitufe kimwambie kitu kwa lugha anayoota nayo. Hawa hawakununua mashine ya mtu. Walichukua programu iliyo wazi, wakaingia ndani, wakabadilisha maneno moja moja, maelfu ya maneno, na ukitafsiri neno ndani ya programu lazima uelewe linafanya nini.

Mwaka huo huo, Juni, Microsoft walikuwa wametangaza kwamba na wao wataleta Kiswahili, na miaka iliyofuata wakaleta. Mwaka huo huo, Oktoba, Ubuntu ya kwanza ikatoka, ya Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyeuza kampuni yake 1999 na kwenda anga za juu 2002. Jina lenyewe ni ndugu wa lile letu: utu. Kwa miaka kadhaa walikuwa wanakutumia CD kwa posta bila kulipa chochote, hadi 2011. Flashi iliyookoa rekodi za kina mama wa Illasit ni mjukuu wa zile CD.

Mimi nilikaa chuo karibu miaka miwili. Tulisoma historia ya kompyuta: Babbage, ENIAC, Bill Gates. ICT 1500 ya Dar es Salaam, hakuna. Kilinux, hakuna. Ilikuwa kama kompyuta ilitoka kwa ndege ikaingia Westlands. Nimezijua hizi kwa sababu ya binamu mwenye mdomo na flashi ya pole pole.

Ukiniuliza kwa nini Jambo OpenOffice haiko kwa laptopu ya rafiki yangu leo, nitakuambia angalia sisi. Shule zetu za Kenya zilibishana jina hadi watu wakachoka. Walimu wa zamani walisema ngamizi, sisi tukafundishwa tarakilishi, Watanzania wakaendelea na kompyuta yao bila presha, na laptopu tukaiita kipakatalishi kwa insha, ukitoka nje ya darasa unaiita lapi. Neno la mtihani hukaa kwa mtihani. Halafu 2013 tukaahidiwa laptopu za darasa la kwanza, zikaja kama tableti kuanzia 2016. Mdogo wangu alizijua zikiwa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ulikuwa na mtu ambaye hakuwepo. Unaona mambo yanavyojirudia.

Na kuna hili la sasa. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na ex-UK nyingi za zamani hazina. Ndiyo maana mafundi wana kazi nyingi kila mahali, wanaweka hii, wanalazimisha ile, haraka haraka, diski mbili ndani bila kutoa moja. Sina hasira na yule fundi. Ana foleni, na kila aliye kwa foleni anataka iwake tu.

Saa tisa usiku faili ziliisha kunakiliwa. Stima ilikuwa imepotea mara moja, betri ikatubeba. Nikaingiza flashi ya pili, ile ya kuwekea Windows, lakini badala ya kubonyeza weka upya nikafungua dirisha jeusi la amri, Shift na F10. Hapo nikampa rafiki yangu kiti. Nilitaka aandike mwenyewe, kwa sababu mimi Januari sijui nitakuwa wapi.

Akapunguza kipande kikubwa cha SSD kwa megabaiti 300. Nafasi hiyo akaifanya kipande kidogo cha kuanzia, akakifomati kwa FAT32, akakipa herufi S. Kisha amri moja, bcdboot, unaiambia Windows iko wapi na mwanzo wake uandikwe wapi. Mara ya kwanza akasahau nafasi kati ya maneno, ikakataa. Mara ya pili akaandika C, kumbe ukiwashia kwa flashi herufi zinaweza kubadilika na Windows yake ilikuwa D. Akanitukana kidogo. Mara ya tatu ikajibu kwamba faili za kuanzia zimeundwa. Tukatoa flashi zote, tukawasha. Kilimanjaro ilikuwa inaanza kuonekana dirishani na kile kiduara kikazunguka mara mbili, tatu, ikafunguka.

Hakuna kilichofutwa. Hata ile picha mbaya ya mbuzi aliyoweka kama mandhari ilikuwa pale.

Jumamosi walichapisha rekodi, karatasi kumi na moja, mamake akazisoma moja moja mbele ya wote. Yule mama aliyekuwa analalamika alionekana amekopa mara mbili mwezi wa tano na kulipa mara moja. Akasema hakukumbuka. Waliamini au hawakuamini, sijui, sikuwa ndani, nilikuwa nje nakula mahindi. Walinitumia soda na mia tano.

Zile amri ziko kwa karatasi, mwandiko wake yeye, amezibandika kwa selotepu ndani ya mfuniko wa sanduku la chama pamoja na katiba yao.

Na jana binamu amepiga simu kutoka Tarakea. Amenunua SSD, anataka kupiga Windows, ndivyo wanavyosema kule, kupiga, na anauliza ile diski ya muvi aiache ndani au aitoe kwanza.

Nimemwambia aitoe.